Mikono Inayojua Kujizuia

Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, simu yangu haipumziki. Hupiga wazazi kutoka Ikungi, Manyoni, Kiomboi na Nduguti, wengi wao sijawahi kuwaona. Namba wamepewa na ndugu aliyewahi kutibiwa kwetu. Salamu zikiisha, swali ni lile lile: "Dokta, binti yangu amepata C ya Baiolojia, D ya Kemia na D ya Fizikia. Hiyo kazi yako ya mazoezi anaweza kuisomea?" Nawajibu kwamba anaweza, nawaeleza aombe wapi na ajiandae vipi. Nikishakata simu huona nimesema nusu ya habari. Nimeeleza namna ya kupata cheti, sijaeleza cheti kinamdai nini mwenye nacho.

Nimekuwa mtaalamu wa fiziotherapia mkoani Singida kwa zaidi ya miaka kumi. Kazi hii imenifundisha kwamba sifa yake kuu ni kujizuia: kujua kiungo gani kisiguswe leo, zoezi gani lisitishwe, mgonjwa gani apelekwe kwa mwingine. Masomo, mitihani na leseni vyote vimewekwa ili kuilinda sifa hiyo. Kijana anayetaka kuingia njia hii anastahili kuambiwa habari nzima, na mimi nitaieleza kwa jinsi nilivyoipitia.

Mwalimu wangu wa kwanza hakuwa na cheti. Bibi mzaa mama alikuwa mkandaji katika kijiji chetu, upande wa Ikungi, enzi ambazo Ikungi haijawa wilaya. Jioni watu walirudi kutoka mashamba ya uwele na alizeti, akina mama wakiwa wamebeba ndoo za maji na mizigo ya kuni kutoka mbali, wakaja kwake na migongo iliyokakamaa. Alipasha mafuta ya alizeti kwenye kikombe cha bati, akaanza na nyayo, akapanda taratibu. Kabla ya hapo aliuliza sana. Umeanguka? Usiku unalala? Mwili unachemka? Akikuta goti lenye moto, au mkono ambao mtu analia ukisogezwa kidogo tu, aliyafunika mafuta yake akawaambia waliomleta mgonjwa, "Huyu simuwezi. Mpelekeni Makiungu." Wapo waliochukia, kwa sababu Makiungu ni safari na hospitali ni fedha, na bibi alikuwa pale pale, malipo yake kuku au kisahani cha unga. Hakuwahi kulegeza msimamo.

Baadaye nilisoma majina ya vitu alivyovihofia: mfupa uliovunjika, usaha ndani ya kiungo, kifua kikuu cha mifupa. Yeye hakuyajua majina hayo, lakini mpaka wa mikono yake aliujua. Kijiji kilimwamini kwa ajili ya wale aliowakataa, sawasawa na kilivyomwamini kwa ajili ya wale waliopona.

Nilisoma sekondari ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa nguvu za wananchi miaka ya 2000. Wazazi wetu walisomba mawe na mchanga, madarasa yakasimama, ila walimu wa sayansi hawakuja kwa kasi ya madarasa. Kwa muda mrefu Fizikia tulifundishwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita, na maabara yetu ilikuwa kabati lenye chupa chache za kioo. Nayataja haya kwa sababu mlango wa fiziotherapia huanza kufungwa hapo. Mwanafunzi akivuka kidato cha pili anaikimbia Fizikia kwa kuwa hakuna wa kuifundisha. Miaka miwili baadaye mzazi ananipigia, binti ana Baiolojia nzuri na Fizikia hana kabisa. Hapo sina la kumsaidia zaidi ya kumshauri arudi akaufanye mtihani huo.

Wengine huuliza Fizikia inahusiana nini na mgonjwa. Inahusiana na kila anachofanya. Mwili unatembea kwa nyenzo: mfupa ndio mtaimbo, kiungo ndicho egemeo, msuli ndio jitihada. Anayezielewa nyenzo anajua kwa nini ndoo ya lita 20 iliyoshikwa mbali na kifua inauelemea mgongo kuliko ikishikwa karibu. Anajua pia kwa nini bakora ya mzee mwenye nyonga inayouma hushikwa kwa mkono wa upande mwingine, wakati karibu kila mtu nyumbani humpa upande ule ule wa maumivu kwa nia njema.

Nilipomaliza kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB), nilipanda basi la kupitia Katesh, Babati na Arusha kwenda Moshi. Kwa miaka mingi huko ndiko alikoelekezwa kijana wa Kitanzania aliyeitaka fani hii, kwenye hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro. Jirani yetu palikuwa TATCOT, chuo cha wataalamu wa viungo bandia kilichoanza mwaka 1981, chenye wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Tuliwaona wakivuka uwanja wakiwa wameshika miguu ya plastiki, na mapema tukaelewa kwamba mgonjwa mmoja huhitaji watu wengi, kila mmoja na sehemu yake.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa anatomia. Tulisimama mbele ya miili ya watu waliofariki tukajifunza kwa heshima: msuli huu unaanzia wapi, unaishia wapi, neva gani inauamrisha, mshipa gani wa damu unapita chini yake. Tulifundishwa kuupima msuli kwa daraja la 0 hadi 5. Sifuri ni msuli usiotikisika kabisa. 3 ni msuli unaoweza kuinua kiungo chake bila msaada. 5 ni nguvu kamili. Tulifundishwa kupima mkunjo wa kiwiko na goti kwa nyuzi, na kuandika namba hizo kila siku, ili maneno "anaendelea vizuri" yawe na ushahidi.

Lililonikaa zaidi ni daftari la tiba. Kila tiba iliandikwa kwenye safu mbili: inapofaa, na isipofaa. Joto hulegeza msuli, lakini haliwekwi kwenye ngozi iliyopoteza hisia, kama unyayo wa mgonjwa wa kisukari, maana ataungua bila kujua. Kukanda husaidia damu kutembea, lakini kigimbi kilichovimba ghafla, chenye joto na maumivu, hakikandwi. Huenda ndani ya mshipa pameganda damu, na donge likichomoka linaweza kukimbilia mapafuni na kuua. Mwalimu aliyesahihisha kazi zetu alianzia safu ya pili. Ukiikosa hiyo, safu ya kwanza haikukuokoa hata ukiijaza vizuri namna gani.

Darasani nilijifunza pia kwamba taaluma yenyewe ilizaliwa kutokana na hofu ya mikono isiyo na mipaka. Mwaka 1894 jijini London, wanawake wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Wakati huo ukandaji ulikuwa umeingiliwa na watu wa kila namna na jina lake limechafuka. Wakaweka mitihani na kanuni, mojawapo ikiwa kwamba mwanachama asimkande mtu bila maelekezo ya daktari. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza. Niliposoma kanuni ile nilimkumbuka bibi na kikombe chake cha bati. Alikuwa amejiwekea sheria hiyo hiyo, bila chama cha kumsimamia.

Sasa niwaeleze wazazi njia ilivyo. Ya kwanza ni stashahada ya miaka mitatu, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Anayeomba awe amefaulu kidato cha nne masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na ndani yake Fizikia, Kemia na Baiolojia ziwemo. Hisabati na Kiingereza humsaidia sana, kwa kuwa vitabu vyetu vyote viko kwa Kiingereza. Mwanafunzi hupanda ngazi ya 4, ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Njia ya pili ni shahada, inayotolewa Moshi na Muhimbili, kwa waliofaulu mchepuo wa PCB kidato cha sita au wenye stashahada ya fani hii yenye alama nzuri. Hiyo huchukua miaka minne darasani na wodini, halafu unafuata mwaka wa utarajali hospitalini.

Kabla ya kulipa ada yoyote, mzazi ahakikishe mambo mawili. Kwanza, kozi yenyewe iwe katika mwongozo wa udahili wa NACTVET au wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Chuo kuwa na usajili wa kozi nyingine hakutoshi. Pili, aulize wanafunzi hufanyia mazoezi ya vitendo hospitali gani. Kazi hii haisomwi kwa picha. Nilipokuwa wodini, msimamizi wangu alisimama nyuma yangu kimya, na kila mgonjwa alifuata mpangilio mmoja: uliza, tazama, papasa, sogeza, ndipo utibu. Saini yake kwenye kitabu changu ilitegemea mpangilio huo. Nimekutana na watu wenye vyeti vya kozi fupi za ukandaji ambao wameshikilia hatua ya mwisho tu, ya kutibu, na zile nne za mwanzo hawajawahi kuoneshwa.

Baada ya chuo kuna sheria. Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 iliwaweka wataalamu wa afya shirikishi, sisi tukiwemo, chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Baraza hukagua vyeti, huandikisha jina, hutoa leseni. Leseni huhuishwa, na mwenye nayo anatakiwa kuonesha kwamba anaendelea kujifunza. Anayekiuka maadili anaweza kuitwa kujieleza na kuondolewa kwenye orodha. Wenzetu wa Kenya wana baraza lao la wanafiziotherapia peke yao, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mifumo inatofautiana, lakini kusudi ni moja: mgonjwa aliyelala kitandani hana namna ya kuupima ujuzi wangu, kwa hiyo lazima awepo mtu mwingine aliyeupima kwa niaba yake.

Niliporudi Singida na leseni mkononi, nilidhani watu watanijia kwa ajili ya mazoezi niliyoyajua. Waliokuja walinifundisha thamani ya safu ya pili.

Mama mmoja kutoka Mkalama alimleta binti yake wa shule ya msingi. Mgongo ulikuwa umemuuma kwa miezi, walishamkanda kwa mafuta ya kila aina, na sasa mama alitaka "zile mashine za hospitali". Nilimuuliza mtoto maswali ya bibi. Usiku maumivu yalimwamsha. Alikuwa amepungua, jioni alipata homa na jasho. Nilipomtazama kwa pembeni, katikati ya mgongo palikuwa na pingili moja iliyochomoza. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza mgongo wa namna ile mwaka 1779, na hata leo kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kinaitwa kwa jina lake. Sikumgusa zaidi ya hapo. Nilimlaza vizuri, nikaandika nilichokiona, nikampeleka mwenyewe kwa daktari. Mama alinitazama kwa uchungu: "Dada, nimetoka mbali hivi, hata kumkanda kidogo tu?" Nilimwambia, "Mama, nikimkanda leo naweza kumpoozesha miguu." Vipimo vilipothibitisha, mtoto alianza dawa za kifua kikuu. Wakati wa mazoezi ulipofika, miezi mingi baadaye, aliingia chumbani kwetu akitembea kwa miguu yake.

Kuna watoto wanaoletwa wakiwa na miguu iliyopinda, wazazi wakitaka tuinyooshe kwa vijiti na bandeji. Singida imo katika mikoa yenye maji ya visima yaliyo na madini mengi ya floridi, kama ilivyo Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Inapozidi sana kwa miaka, huanza kuonekana kwenye meno, na ikiendelea hufika kwenye mifupa. Zipo sababu nyingine pia za miguu kupinda, ikiwemo upungufu wa vitamini D na madini ya kalsiamu, na baadhi ya watoto wadogo hunyooka wenyewe wakikua. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kwa mtoto huyo ni kuuliza: mnakunywa maji ya kisima kipi? Wadogo zake wakoje? Meno yake nione. Kisha daktari aombe picha na vipimo. Kuvuta mfupa uliougua bila kujua ugonjwa wake ni kumuongezea mtoto maumivu na kumpotezea muda.

Wagonjwa wa kiharusi walinionesha upande mwingine wa jambo hili. Mzee akipooza upande mmoja, ndugu humwinua kitandani kwa kuuvuta mkono ule uliolegea. Wanafanya kwa upendo. Lakini bega hushikiliwa na misuli, na misuli ile ikilala, mfupa wa mkono huning'inia kwenye kifuko chake. Kila mvuto unauchomoa kidogo. Baada ya wiki chache mzee anapata maumivu ya bega makali kuliko kiharusi chenyewe, na anakataa kabisa mazoezi ambayo yangemrudisha. Somo la kwanza ninalowapa ndugu ni la kukataza: usivute mkono huu. Mshike kiunoni, mkono alazwe juu ya mto akiwa amekaa, mgeuze kila saa mbili kama hawezi kujigeuza, ili asipate vidonda vya mgandamizo. Baada ya makatazo hayo kushika ndipo nawafundisha mazoezi.

Hapo ndipo linapoingia suala la wasaidizi. Wazazi wengine huniuliza kama kuna njia fupi, kijana asomee usaidizi tu. Marekani kada hiyo ipo kisheria. Wasaidizi wa kwanza waliosomea kazi hiyo huko walihitimu mwaka 1969, na leo msaidizi husoma miaka miwili chuoni, hufanya mtihani wake wa taifa, hupata kibali cha jimbo lake na kufanya kazi chini ya mwanafiziotherapia. Anaweza kumfanyisha mgonjwa mazoezi yaliyopangwa, lakini tathmini ya mwanzo si kazi yake, wala kubadili mpango wa tiba. Mwanafiziotherapia mwenyewe huko sasa anaingia kazini akiwa na shahada ya udaktari ya fani hii na amefaulu mtihani wa taifa. Nayataja kwa ajili ya vijana wanaotamani kwenda Marekani, Uingereza au Oman: huko kote vyeti vitakaguliwa upya, kwa hiyo tunza kila karatasi ya matokeo na kila kitabu cha vitendo kilichosainiwa.

Kwetu hali ni tofauti. Hospitali nyingi za mikoani zina mtaalamu mmoja au wachache, na anayesaidia chumbani mara nyingi ni mhudumu wa afya aliyepangiwa hapo na kujifunza kwa kutazama. Nimefanya kazi na mama mmoja wa namna hiyo, mtu mzima kwangu, ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi kabla sijampa maelekezo ya siku. Anazungumza Kinyaturu na Kinyiramba, na wazee wanaoona haya kunieleza mimi humweleza yeye. Tuliandikiana makubaliano na kuyabandika ukutani. Zoezi lililoandikwa kwenye kadi anaweza kulisimamia. Zoezi jipya halianzishi. Mgonjwa akisema maumivu yamebadilika, akipata kizunguzungu, akivimba mguu, akiishiwa pumzi, zoezi linasimama na mimi naitwa, hata kama nipo kwenye kikao. Amenikatiza vikao mara nyingi na nimemshukuru kila mara. Huyo ana ile sifa ninayoizungumzia, na ningetamani nchi yetu imwekee yeye na wenzake mafunzo rasmi, cheti na ngazi ya kupanda, badala ya kuacha ujuzi wao utegemee bahati ya kumpata wa kuwaelekeza.

Msaidizi mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni mzazi. Mtoto mwenye mguu kifundo, yaani aliyezaliwa na unyayo uliopinda, hutibiwa kwa njia iliyoasisiwa na daktari Ignacio Ponseti: mguu hunyooshwa kwa upole na kufungwa piopi inayobadilishwa kila wiki, mara nyingi tano hadi saba, wengi huhitaji pia kano ya kisigino ikatwe, halafu mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, mwanzo mchana na usiku kwa miezi kama mitatu, baadaye wakati wa kulala hadi afikishe umri wa miaka minne hivi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa mguu wa kichanga ni kweli tupu. Lakini piopi tunafunga sisi, viatu anavalisha mama. Mtoto analia usiku wa kwanza, jirani anasema mnamtesa, bibi wa mtoto anaagiza vivuliwe. Vikivuliwa, mguu hurudi ulikotoka. Ndiyo sababu nakaa na mama muda mrefu kuliko ninavyokaa na mtoto. Namfundisha kutofautisha kilio cha kuzoea na kilio cha kiatu kinachochubua. Anaangalia ngozi, anabana vidole aone damu inarudi. Wekundu unaopotea upesi hautishi; ngozi iliyochubuka, avue na aje kesho yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini na mama naye lazima apewe kipimo cha kujua lini kilio ni cha kusikilizwa. Mama aliyeelewa hivyo amepata sehemu ya elimu yangu ya Moshi, na sehemu iliyo bora.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya ambazo huduma za utengamao zingezinufaisha. Mkoa wetu pekee, kwa sensa ya 2022, una watu takribani milioni 2. Kuna vijana wa bodaboda wanaoumia uti wa mgongo, wapo wanaonusurika ajali za malori kwenye mlima wa Sekenke, wapo wazee wa kiharusi Manyoni na watoto wenye mtindio wa ubongo katika vijiji ambavyo mvua ikinyesha havifikiki. Kazi ipo tele. Upungufu huo ndio unaoleta kishawishi cha kusema kwamba yeyote mwenye mikono na moyo mwema anafaa tu. Nakubaliana na moyo mwema. Ila nimeona moyo mwema ukivuta bega la mzee na kukanda mgongo wenye kifua kikuu. Uhaba wa wataalamu ni sababu ya kuwafundisha watu wengi zaidi, kwa viwango vilivyo wazi. Hauwezi kuwa sababu ya kuviacha viwango hivyo kwa wagonjwa wa Singida huku vikidaiwa kwa wagonjwa wa Dar es Salaam.

Kwa kijana anayejiandaa, ushauri wangu ni huu. Ishikilie Fizikia hata kama mwalimu ni wa kuazima. Tafuteni kitabu msome kwa kikundi. Nenda hospitali ya karibu nawe uombe ruhusa ya kutazama kazi kwa siku kadhaa kabla ya kujaza fomu, uone kama unaweza kurudia zoezi lile lile na mgonjwa yule yule wiki nzima bila kuchoka naye. Jifunze lugha ya wazee wa kwenu. Ukifika chuoni, anza na safu ya pili ya daftari. Ukipata leseni, itundike mahali mgonjwa anapoweza kuisoma.

Na kwa msomaji ambaye hatasomea kazi hii lakini siku moja atamleta mama, mume au mtoto kwetu au kwa mtu mwingine anayejiita mtaalamu wa viungo, nakuachia maswali matatu ya kuuliza kabla hujamruhusu amguse mgonjwa wako. Umesajiliwa na baraza gani? Umepima nini, na umeona nini? Utajuaje kwamba unapaswa kuacha? Aliyefunzwa hatakasirika. Atakujibu, kwa sababu hayo ndiyo maswali anayojiuliza mwenyewe kabla ya kunyoosha mkono.